Mtoto wa Sungura Haingizwi Bandani Siku Aliyofika

"Mmeniuzia sungura mnyonge." Malalamiko haya yanatufikia kila mwezi hapa Goba, na wiki iliyopita yamekuja tena kwa ujumbe mrefu wa sauti. Mteja alichukua mtoto wa sungura kwetu Ijumaa jioni akiwa mzima, anakula, macho maangavu. Jumapili sikio limechanika na manyoya ya mgongoni yamenyofolewa. Anataka hela yake.

Tukamuuliza alimweka wapi. Alimweka kwenye banda la sungura wake mkubwa, jike aliyekaa humo peke yake tangu akiwa mdogo. "Si wote ni sungura? Nilijua watazoeana tu."

Hapo ndipo penye tatizo, na tuliseme wazi ili tusigombane na watu wema. Sungura aliyekaa bandani anajua kila kona ni yake. Ana tezi chini ya kidevu, na ukimwona anasugua kidevu kwenye sahani, kwenye mlango, kwenye mguu wa meza, anaweka alama yake. Mkojo na kinyesi alivyotawanya ni alama pia. Sasa unamwingizia mgeni mwenye harufu ya banda la watu wengine, tena usiku, halafu unafunga mlango unakwenda kulala. Mtoto hana pa kukimbilia. Ngozi yake ni nyembamba, na jike mzima wa aina ya sungura iitwayo New Zealand anafika kilo 4 na zaidi. Hakuwa mnyonge huyo. Aliingizwa kwenye nyumba ya mtu bila hodi.

Sisi wafugaji tunapopandisha, jike ndiye anayepelekwa kwa dume. Ukimpeleka dume kwa jike, mara nyingi utamtoa na majeraha. Kama dume mzima mwenye nguvu zake anafukuzwa, itakuwaje kwa mtoto?

Tuje kwenye bei, maana najua kuna mtu anasoma huku amekunja uso. Ndiyo, kwetu mtoto ni shilingi 25,000 na pale barabarani utampata kwa 10,000. Wetu hatoki kabla ya wiki 8. Mama sungura hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache, mara nyingi usiku au alfajiri, kwa hiyo muuzaji mwenye haraka anaona mtoto wa wiki 4 anatafuna majani na mama hamkaribii, anasema huyu kashaacha ziwa. Bado hajaacha. Tumbo lake halijakomaa kumeng'enya majani peke yake. Ukimwondoa kwa mama, ukambadilishia chakula na kumsafirisha kwenye boksi juani, vyote siku moja, anaanza kuhara, na mtoto wa umri huo akihara mara nyingi humpati tena. Hizo wiki za ziada anakula pumba yetu, nyasi zetu na maranda yetu. Hatuzitoi bure.

Kaka mmoja wa Kigamboni aliona tunamwibia, akanunua wawili wa bei rahisi, "wote majike". Mmoja alikufa kwa kuhara. Wa pili alikuwa na ukurutu ndani ya masikio, ule unaotoa magamba na kumfanya sungura atingishe kichwa kila saa, akamwambukiza sungura wa watoto wake aliyekuwa mzima. Akalipa daktari wa mifugo kwa wote wawili. Walipopona, yule "jike" akampandisha mwenyeji, na baada ya siku 31 hivi banda likajaa. Sungura wakiwa wadogo sana jinsia zao zinachanganya hata wazoefu, ndiyo maana sisi tunakagua zaidi ya mara moja kabla ya kumtoa. Alipokuja kwetu kuuliza kama tunanunua watoto, hatukumcheka. Mbele yake, angalau.

Basi ukimfikisha mgeni nyumbani, mpe kizimba chake, mbali na mwenyeji, kwa wiki 2 kamili. Muda huo ni wa kuangalia kama anahara, kama masikio ni safi, kama pua inatoa kamasi. Mlishe alichokuwa anakula kwetu. Tunakufungia kidogo kwenye mfuko, usimwage, kichanganye na chakula chako kidogo kidogo. Matembele mpe yaliyonyauka kidogo, na si lundo. Anza na mwenyeji kila unapohudumia, kisha mgeni, halafu nawa mikono.

Wiki 2 zikipita salama, sogeza vizimba viwe jirani. Acha nafasi ya kiganja kati ya wavu na wavu, kwa sababu sungura akiudhika anang'ata pua au vidole vya mwenzake kupitia kwenye wavu. Kila siku chukua maranda kidogo ya huyu uweke kwa yule. Sahani za chakula ziweke pande zinazotazamana ili wale wakionana. Mwanzoni mwenyeji atapiga mguu chini na kuunguruma. Mwache. Siku utakapoona wamelala kila mmoja kwenye upande wake wa wavu, wamenyoosha miguu ya nyuma, hapo kazi imeanza kukubali. Kuna wanaofika hapo kwa siku chache, wengine wiki kadhaa, na hatuwezi kukuahidi tarehe.

Kukutana ana kwa ana kufanyike mahali ambapo hakuna aliyewahi kukanyaga. Veranda, stoo, chumba cha wageni. Tandika mkeka au zulia kuukuu, maana sungura kwenye marumaru anateleza, akiteleza anaogopa, akiogopa anapigana. Weka majani mengi yaliyotawanyika na boksi lenye matundu mawili, si moja, ili anayekimbia asibanwe. Anza na dakika 10 au 15, ukae hapo hapo. Simu weka pembeni.

Kufukuzana kidogo, kupandana kwa sekunde chache, hata kunyofoa unyoya mmoja, vumilia. Ndivyo wanavyopanga nani mkubwa. Ila akilaza masikio nyuma, mkia juu na mwili umekaza, au wakianza kuzungukana kwa kasi kila mmoja anatafuta mgongo wa mwenzake, watenganishe papo hapo kwa fagio au ubao. Usiingize mkono mtupu. Dada mmoja wa Tabata aliingiza, na kovu analo hadi leo.

Kuna njia ya mkato nyingine inayozunguka mitaani: kuwapaka wote mafuta ya nazi au marashi ili wanuke sawa. Sungura hujiramba mwili mzima kutwa. Unachompaka anakila. Mama aliyefanya hivyo alituletea wawili wanaoharisha, na bado walikuwa hawapatani.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi. Mtoto akipokewa vizuri mapema, usifikiri umemaliza. Akifika miezi 4 hivi anabalehe, na mwenyeji aliyekuwa anamramba kichwa anaweza kumgeuka. Madume wawili ndio wabaya zaidi, wanang'atana korodani, na tumeziona. Ukituambia nyumbani una dume ambaye hajahasiwa, hatukuuzii dume mwingine, hata ukiongeza hela. Majike wawili wanaweza kukaa, ila si wote. Jozi inayotulia kuliko zote ni jike na dume aliyehasiwa, na baada ya kuhasiwa mtenge wiki 6 na jike wako, maana mbegu hubaki mwilini kwa muda. Kuhasi afanye daktari wa mifugo aliyezoea sungura. Muulize kabla, kwa sababu sungura na mbwa hawapewi usingizi kwa namna moja, na sungura hafungishwi njaa kabla ya upasuaji. Tumbo lake halitakiwi kusimama. Akikaa nusu siku bila kula chochote, wakati wowote na kwa sababu yoyote, hiyo ni dharura.

Kwa wasio na nafasi ya kukaa na hizo dakika 15 kila siku, tunapokea sungura wako hapa na kumzoesha na mgeni kwenye chumba ambacho si cha yeyote kati yao. Gharama ni shilingi 5,000 kwa siku, chakula ndani. Wapo wanaosema ni ghali kwa mnyama wa 25,000. Mtu anakaa nao akiwaangalia, anaandika, anawatenganisha, na usiku kila mmoja analala kizimba chake. Baba mmoja wa Kibaha alituachia wake mwezi mzima na hakuuliza bei mara mbili. Wawili hao sasa wanakula sahani moja.

Ukimleta, mlete asubuhi kabla jua halijawa kali, kwenye kapu au kizimba chenye hewa, na majani aliyoyazoea. Usimwinue kwa masikio. Aliye na magamba masikioni hatumpokei mpaka atibiwe kwanza.