Mhariri, biti siyo baiti, naomba mtutofautishie

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaotuandalia gazeti. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na ukurasa wa teknolojia ndo huwa naanza nao kabla hata ya michezo, kwa hiyo haya ninayoandika siyo ya kuwachafulia, ni kwamba jambo lenyewe limeniaibisha na naona litawaaibisha wengine wakilichukua kama lilivyoandikwa. Kwenye ile makala ya kuchagua diski ya nje mliandika kuwa USB 3.0 inapitisha "gigabaiti 5 kwa sekunde", na kwenye jedwali chini yake SATA 3, ile njia ya kuunganisha diski ndani ya kompyuta, ikapewa "gigabaiti 6 kwa sekunde". Siyo gigabaiti jamani, ni gigabiti, na hapo katikati kuna tofauti kubwa sana.

Ngoja niwaeleze ilivyonikuta. Nilikuwa na video za GB 300 za kumkabidhi mtu, nikapiga hesabu kwa namba yenu, 300 gawanya kwa 5 unapata sekunde 60, nikamwambia njoo na diski yako ni dakika moja tu. Akaja, hata kukaa hakukaa, akasimama mlangoni maana kaambiwa dakika moja. Nikachomeka, nikaanza kukopi, kile kiboksi kikatulia kwenye MB 110 kwa sekunde, muda uliobaki dakika 45. Nikasema labda waya haujakaa vizuri, nikasitisha, nikahamishia tundu la upande wa pili, kumbe lile ni la USB 2.0, spidi ikashuka mpaka 35 na muda ukapanda masaa mawili na zaidi. Yule mtu akaondoka mikono mitupu akarudi kesho yake, na mimi nikabaki naangalia gazeti lenu na diski, nauliza nani kati yenu kanidanganya.

Diski haikuwa na kosa. Baiti moja ni biti 8, hilo wengi tunalijua, ila watengenezaji wakitaja spidi ya njia, yaani USB au SATA yenyewe, wanataja kwa biti na kompyuta ikikopi faili inaonyesha kwa baiti, na kwa kifupi tofauti yao ni herufi moja tu, b ndogo ni biti na B kubwa ni baiti. Mb/s na MB/s. Mwandishi akiandika haraka au fundi wa kurasa akizigeuza zote kuwa kubwa, basi namba imeshazidishwa mara 8 na hakuna atakayeshtuka.

Na hata ukigawa kwa 8 bado hujafika, hapa ndo ningependa mwandishi wenu atulie kidogo. Kwenye SATA na kwenye USB 3.0 kila biti 8 za data zinageuzwa kuwa biti 10 kabla ya kupita kwenye waya, zile za nyongeza zinasaidia upande wa pili usipoteze mapigo ya saa, yaani ujue kila biti inaanzia wapi, na zinaweka uwiano wa sifuri na moja, maana kila biti ni sifuri au moja. Kwa hiyo kugawa ni kwa 10, siyo kwa 8. SATA ya kwanza ni gigabiti 1.5, unapata megabaiti 150 kwa sekunde, ya pili gigabiti 3 unapata 300, ya tatu gigabiti 6 unapata 600. USB 3.0 ni gigabiti 5, yaani megabaiti 500, siyo 5,000 kama makala yenu inavyosema na wala siyo 625 kama utakavyopata ukigawa kwa 8. Sasa ile USB ya gigabiti 10 imebadilisha utaratibu, inapeleka biti 128 ndani ya 132, upotevu ni mdogo, unapata kama megabaiti 1,212. Na hizi SSD, yaani diski zisizo na sahani, za aina ya NVMe zinazokaa kwenye PCIe, njia ya kasi ya kwenye ubao mkuu wa kompyuta, toleo la 3 la PCIe linafanya mihamisho bilioni 8 kwa sekunde kwa kila mkondo wake, biti 128 ndani ya 130, ukizidisha kwa mikondo 4 ambayo SSD nyingi za aina hiyo zinatumia inakuja karibu gigabaiti 3.9 kwa sekunde, na hapo ni gigabaiti kwelikweli.

Halafu hizo zote ni kikomo cha njia, siyo cha kifaa. Diski yangu ni ya sahani zinazozunguka, uwezo wake ndo ule wa 110 na kitu, hata uichomeke kwenye njia ya gigabiti 20 itatoa hiyohiyo. USB 2.0 nayo kwenye karatasi ni megabiti 480, megabaiti 60, lakini maelekezo ya njia yenyewe yanakula sehemu kubwa, ndo maana mtu anaishia kuona 30 na kitu. Hili mngelisema kwenye makala watu wasingekuwa wanarudisha waya dukani wakidhani ni mbovu.

Kuna na lile la kilobaiti kuhesabiwa kama baiti 1,000 au 1,024, sitalivuta sana. Tangu 1998 shirika la viwango la IEC lilishatoa majina ya kibi, mebi na gibi kwa zile za 1,024, ila Windows bado inahesabu kwa 1,024 na kuandika GB ileile, ndo sababu diski ya terabaiti 1 inaonekana ina GB 931 na mtu anahisi kaibiwa. Kwenye spidi nako iko hivyohivyo, megabaiti 500 zikihesabiwa kwa 1,024 zinasomeka kama 477.

Ombi langu ni dogo Mhariri. Kwenye gazeti andikeni neno zima, megabiti au megabaiti, achaneni na vile vifupi ambavyo herufi moja inabeba kila kitu. Kila mkitaja spidi ya njia wekeni pembeni yake megabaiti atakazoziona mtu kwenye skrini, na kama kifaa mmekipima wenyewe tuambieni mlikopi faili la ukubwa gani na lilichukua dakika ngapi. Na lile jedwali lichapeni upya likiwa limesahihishwa, ukurasa uleule, siyo kwenye kona ya masahihisho ambayo hamna anayeifungua, kwa sababu najua kuna watu wamelikata na kulitunza kama mimi nilivyofanya.

Ni mimi msomaji wenu.