Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Meli Vestal na Madaftari Yetu

Ndugu wanachama, assalaam alaykum na habari za asubuhi.

Mkutano uliopita uliamua kwamba sisi mafundi wa meli wa zamani wa Kilindini tuisome historia ya meli moja tu mwaka mzima, ikachaguliwa Vestal, meli ya matengenezo ya jeshi la majini la Marekani. Wapo waliotaka manowari mashuhuri. Baada ya kikao cha pili sikuwasikia tena.

Vestal ilishushwa majini New York mwaka 1908, ikiwa meli ya kubebea makaa ya mawe. Mwaka 1913 ikageuzwa karakana inayoelea.

Kikao kirefu kuliko vyote tulikitumia kwa asubuhi moja, 7 Desemba 1941. Ndege za Japani zilishambulia bandari ya Pearl Harbor, Hawaii, na Vestal ilikuwa imefungwa ubavuni mwa manowari Arizona. Yenyewe ilipigwa mabomu mawili. Arizona ilipolipuka, kishindo kilimtupa baharini nahodha wa Vestal, Cassin Young. Akaogelea akarudi, akakuta watu wanaihama meli, akawazuia. Baharia Joe George aliwarushia kamba watu sita waliokwama kwenye Arizona iliyokuwa ikiwaka, wakavuka wakining'inia kwa mikono. Nishani yake ilitolewa 2017, mwenyewe keshafariki. Young aliipeleka meli hadi Aiea, humo humo bandarini, ikiingia maji, akaipandisha makusudi penye kina kifupi isizame.

Lililonigusa zaidi ni lililofuata. Bandari ilikuwa na meli zilizoumia zaidi za kushughulikia, basi mafundi wa Vestal wakaitengeneza meli yao wenyewe.

Agosti 1942 ilifika Tongatapu, kisiwa cha Tonga katika Pasifiki. Kwa siku 60 ikakamilisha kazi 963 kwenye meli 58 na vituo vinne vya nchi kavu. Gawanyeni: kazi kumi na sita kila siku! Kisha Noumea, bandari ya New Caledonia, ilikoletwa manowari South Dakota, imeumia vitani na tena imegongana na manowari nyingine, Mahan. Mafundi wakaishughulikia, na tarehe 11 Novemba South Dakota ikang'oa nanga kurudi vitani. Kisha kisiwa cha Espiritu Santo, kwa mwaka mmoja, Vestal ikafanya kazi 5,603 kwenye meli 279. Mwaka 1950 Vestal iliuzwa kama chuma chakavu.

Hesabu hizi tunazo kwa sababu kila kazi iliandikwa. Sisi tumetengeneza meli Kilindini ujana wetu wote, na madaftari yetu mengi yametupwa tulipohama nyumba. Ndiyo maana kamati imeanza kuyakusanya na kuwarekodi wazee. Wawili tuliopanga kuwarekodi wametangulia mbele ya haki kabla hatujawafikia. Niliahirisha ziara ile mara mbili, na ninaziomba radhi familia zao mbele yenu.

Mhazini atasoma hesabu za ada baada yangu. Mwenye daftari la kazi, hata likiwa limeliwa na mchwa, alifikishe kwa katibu kabla ya Ramadhani. Tutalipiga picha kurasa zote na kumrudishia siku hiyo hiyo.