Jina la Dawa Lisikatwe Mkia

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu kwa miaka 19 bila kuwaandikia hata mara moja, lakini makala yenu ya juma lililopita kuhusu viuavijasumu, yaani dawa za kuua bakteria, imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu alidai kwamba penisilini iliitwa hivyo kwa sababu ya penseli, kisha akaongeza kwamba majina ya dawa hayana maana yoyote, hivyo kila mtu ayafupishe na kuyatamka apendavyo.

Penisilini haikuzaliwa na penseli. Maneno hayo ni ndugu: yote yanatokana na neno la Kilatini penicillus, yaani brashi ndogo ya kuchorea. Kuvu iliyompatia mwanasayansi Alexander Fleming dawa hiyo jijini London mwaka 1928 ilikuwa tayari inaitwa Penicillium, kwa kuwa vitawi vyake vikitazamwa kwa hadubini hufanana na brashi. Fleming mwenyewe kwanza aliiita dawa hiyo “maji ya kuvu”, na mwaka 1929 ndipo akaipa dawa jina tunalolijua.

Kosa hilo la asili ningelisamehe. La matamshi siwezi, kwa sababu lilikaribia kuniua. Mimi nina mzio wa penisilini, nami hulisema jambo hilo kila niingiapo kutibiwa, hata kabla sijaulizwa jina langu. Miaka kadhaa iliyopita nililisema kama kawaida, aliyekuwa akinihudumia akaitikia kwa kichwa, kisha akanikabidhi vidonge na kuniambia, “Hii ni ampi tu, siyo penisilini.” Niliamini, nikameza, na kabla ya saa moja kupita midomo ilikuwa imevimba, koo limebana, na mke wangu ananishika mkono akidhani ananiaga. Dawa ile ilikuwa ampisilini. Kama jina lingetamkwa lote, am-pi-si-li-ni, sikio langu lingeikamata ile “silini” ya mwishoni, ambayo ndiyo jina la ukoo: ampisilini, amoksisilini na kloksasilini zote ni watoto wa penisilini, na majina ya kimataifa ya dawa, ambayo orodha yake ya kwanza Shirika la Afya Duniani liliichapisha mwaka 1953, hutungwa kwa makusudi ili dawa za ukoo mmoja zitambulikane kwa silabi zao. Anayesema “ampi” au “amoksi” huwa amekata sehemu ileile iliyowekwa ili imwonye mgonjwa.

Watengenezaji nao hawana nafuu. Jina la biashara wanalichapa kwa herufi kubwa za rangi katikati ya boksi, huku jina halisi la dawa likisukumwa pembeni kwa herufi ambazo mzee hawezi kuzisoma bila miwani, na pengine hata akiwa nayo.

Naomba basi kwamba kwa muda wa miezi 6, kila mtajapo kiuavijasumu, mchape jina lake zima likiwa limegawanywa kwa silabi, na zile silabi za ukoo mzikoleze wino. Anzeni na amoksisilini, kwa kuwa ndiyo niliyoiona katika makala ile ikiwa imefupishwa mara 4.

Msomaji wenu mwenye mzio wa penisilini