Antony asipewe bingwa wa kughani

Mhariri,

Kikundi cha maigizo hapa Dar kinachotaka kupandisha jukwaani tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, ile ya 1963 aliyoipitia upya mwaka 1969, kianze kwa kuitazama filamu ya 1953 iliyoongozwa na Joseph L. Mankiewicz. Ugawaji wa nafasi ndio wa kuangaliwa zaidi.

Nafasi ya Antony, rafiki wa Caesar, alipewa Marlon Brando, na wengi walibeza. Alishavuma kwa kuigiza akivaa fulana na kumung'unya maneno, wakaona beti za Shakespeare zitamshinda. Mwishowe aliteuliwa kuwania Oscar, na Uingereza ikampa tuzo ya BAFTA. Sifa hupewa juhudi yake na msaada wa John Gielgud, Mwingereza aliyecheza Cassius, lakini mimi naona dharau ile nayo ilifanya kazi. Ndani ya tamthilia Brutus, mmoja wa wanaomuua Caesar, anakataa Antony naye auawe kwa kumwona mtu wa starehe tu. Mtazamaji aliyeingia akimbeza Brando alikuwa tayari upande wa Brutus. Nafasi hiyo ukimpa bingwa wa kughani, siri imevuja kabla pazia halijafunguliwa.

Nyota wenu msimpoteze kwa Caesar, maana anauawa katikati ya mchezo. Cassius, mwenzake Brutus katika njama, awe mwembamba. Maandishi yenyewe yanadai hivyo, na Gielgud alifaa. Lafudhi isiwatishe. Filamu ilichanganya Waingereza na Wamarekani, kwa hiyo mwenye kipaji kutoka bara asiachwe kwa kukosa lafudhi ya upwani, alimradi asikike hadi kiti cha nyuma.

Sasa hotuba mbili za mazishi ya Caesar. Brutus huongea kwa nathari, na lazima kwanza awashinde watu kweli, la sivyo ushindi wa Antony ni wa bure. Kabla ya kunyamaza kwa mara ya kwanza, Antony anamwita Brutus mtu wa heshima mara nne. Neno lisibadilishwe kwa kuogopa kurudiarudia, kibadilike kiimbo. (Kwa masikio yaliyozoea "Mheshimiwa" wa bungeni, kicheko kitakuja chenyewe.) Akinyamaza, Brando anaupa umati kisogo, nasi tunauona uso wake ukipima manung'uniko. Jukwaani ageukie ukumbi vivyo hivyo. Hapo ndipo umati huharibu: wote wakipiga kelele pamoja, hakuna anachopima. Kila raia awe na mstari wake, wapokezane. Wosia wa Caesar nao, wenye drakma 75 kwa kila raia, hutajwa mapema ukafichwa, majeraha yakaonyeshwa kwanza. Mwigizaji anayeukimbilia anajinyang'anya silaha.

Doa la filamu ni vita vya Filipi mwishoni mwa mchezo, vilivyofanywa shambulio la haraka la bondeni. Hapo katizeni mistari bila huruma, ila ugomvi wa Brutus na Cassius hemani, kabla ya vita, ubaki wote.

Msomaji wako,
Upanga, Dar es Salaam