Barua kwa shemeji yangu wa Lamu aliyecheka safari yetu ya farasi

Shemeji,

Ile sauti uliyonitumia kwenye WhatsApp nimeisikiliza, na kaka yako nimemsikilizisha. Ati wanawake wazima wenye akili zao wanajaza gari mafuta, wanawaachia waume watoto, wanavuka jimbo zima kwenda kumtazama farasi akiruka gogo! Ukacheka mpaka ukakohoa. Nikaapa sikujibu kwa sauti. Nakujibu hapa hadharani, na wenzako wa baraza ya kahawa wasome, maana najua ulishawasimulia.

Tulitoka Columbus, hapa Ohio, Ijumaa baada ya kazi, kwenda mashindano ya farasi ya Lexington, Kentucky, wanne kwenye gari moja: mimi, bibi mmoja wa Tanga tunayefanya naye kazi, Mkongo wetu wa Uvira, na binti wa Nairobi aliyekabidhiwa muziki akautumia vibaya. Barabara yenyewe, I-71 kushuka kusini mpaka Cincinnati, haina la kusimulia. Kasheshe ni pale mto Ohio, ambako malori ya nusu ya Marekani yanabanana kwenye daraja moja la ghorofa mbili. Mahamri yalituishia tukiwa hatujalivuka. Ng'ambo ndiko Kentucky, na mbele kidogo kuna tanki la maji refu kama mnara limeandikwa kwa herufi kubwa FLORENCE Y'ALL. Bibi wa Tanga akasimamisha safari ili apigwe picha nalo.

Lexington tulilala kwa shangazi yake huyo wa Uvira. Hutaamini, Shemeji, Kiswahili kimeenea mji ule. Wakongo ni wengi, wana makanisa yao, maduka yao ya vyakula, na watoto wao wamejaa shuleni. Tulifika usiku tukakuta bugari, ndio ugali wao, na sombe ya majani ya muhogo na samaki, na kijana wa nyumba amekaa anatusubiri kama mwalimu. Kijana huyu anafanya kazi kwenye shamba la farasi, anasafisha mazizi tangu alfajiri. Yeye ndiye aliyetufundisha tutazame nini. Bila yeye ningerudi na hadithi ya magogo, nawe ungekuwa na haki ya kucheka.

Sasa sikiliza. Mashindano yenyewe hufanyika kila mwisho wa Aprili kwenye Kentucky Horse Park, hifadhi ya farasi nje kidogo ya mji. Wenyewe wanayaita ya siku tatu, ila yanachukua siku nne, usiniulize kwa nini. Alhamisi na Ijumaa ni dresaji: farasi na mpandaji wake wanaingia uwanjani peke yao, wanatembea, wanakwenda telki, ule mwendo wa mchakamchaka, wanazunguka, wanasimama, yote kwa mpangilio, huku majaji wakiandika. Jumamosi ni mbio za nyikani na viunzi. Jumapili wanaruka tena uwanjani, vile viunzi vya miti iliyopakwa rangi ambavyo ukivigusa vinaanguka. Farasi ni yule yule siku zote. Hesabu ni ya adhabu, kwa hiyo mwenye alama chache ndiye anayeshinda. Mchezo ulizaliwa jeshini, kumpima farasi wa askari: ana adabu kwenye gwaride, ana moyo vitani, na kesho yake bado anafaa kazi? Uliingia Olimpiki mwaka 1912 kule Stockholm, na mwanzoni walioruhusiwa ni maofisa wa jeshi tu. Siku hizi wanawake na wanaume wanashindana pamoja, hakuna daraja la huku wala la kule, na wanaume wanashindwa bila kulia.

Ngazi ya Kentucky ni nyota tano, ya juu kabisa, na duniani mashindano ya ngazi hiyo yanahesabika kwa vidole. Kuna Mjerumani, Michael Jung, aliyeshinda hapo mara tatu mfululizo, 2015 mpaka 2017, akiwa na jike mmoja mdogo wa umbo aitwaye fischerRocana. Wamarekani wenyewe walikaa kwao wakitazama wageni wakibeba kombe tangu 2008 mpaka 2023, mwanamama wa California, Tamie Smith, alipowafuta machozi na farasi wake Mai Baum. Nakutajia hayo ili uwaambie barazani kwamba shemeji yako hakwenda kutazama sarakasi.

Jumamosi ndiyo siku ya watu. Wenye malori wanayafungua nyuma, wanapanga meza, wanakula na kunywa tangu asubuhi. Sisi tulitandika leso zetu nyasini. Njia ya farasi inapita katikati ya watu, imezungushiwa kamba tu, na anapokaribia wasimamizi wanapuliza firimbi ili mvukaji arudi nyuma. Unasikia firimbi, kisha unasikia ardhi, kisha pumzi. Farasi akienda shoti, hatua moja ni pumzi moja, fuu, fuu, fuu, huwezi kudhani ni mnyama. Tulijibanza pale wanapopaita Head of the Lake, kiunzi cha majini, kwenye umati usio na mwanya. Farasi anatokea mlimani, anaruka kiunzi na kutua ndani ya maji, maji yanapanda mpaka kifuani mwa mpandaji, na kabla hajakaa sawa kuna kiunzi kingine mbele yake.

Umbali ni zaidi ya kilomita sita, na muda waliopangiwa ni kama dakika kumi na moja, mwendo wa mita 570 kwa dakika. Ukichelewa, kila sekunde ni adhabu ya 0.4. Lakini farasi akikataa kiunzi mara moja tu ni 20, akikataa tena hapo hapo ni 40. Mpandaji akianguka, siku imekwisha. Basi piga hesabu mwenyewe: kukataa mara moja ni sawa na kuchelewa sekunde hamsini. Ndiyo maana kiunzi kigumu huwa na njia mbili, ya mkato yenye hatari na ya mzunguko iliyo salama. Tulimwona mmoja, farasi wake amechoka, masikio hayachezi tena. Akaiacha njia ya mkato akazunguka. Nyuma yangu mtu akaguna. Kijana wetu akapiga makofi mpaka watu wakamgeukia.

Na hapo ndipo nilipokukumbuka wewe, si kwa ubaya. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba mtu anayempiga punda ili ashinde mbio za forodhani hajui punda. Mwenye kujua anajua pale punda wake anapoishia.

Sikufichi la hatari. Farasi wamekufa kwenye mchezo huu, na wapandaji pia. Viunzi vingine sasa vinafungwa kwa pini inayoachia farasi akigonga kwa nguvu, ili gogo lianguke badala ya yeye kupinduka juu ya mpandaji. Ukivunja pini ni adhabu 11. Imesaidia, haijamaliza. Bibi wa Tanga kila farasi aliporuka alifumba macho na kusoma dua, na sikumcheka.

Lakini kitu ambacho ningetaka ukione kwa macho yako ni mwisho wa njia, pale wanapomalizia. Tulikwenda mchana. Farasi anavuka mstari, mpandaji anaruka chini papo hapo, na masaisi, wale watunza farasi, watatu, wanne wanamvamia: mmoja analegeza mkanda wa tandiko, mmoja ameshika hatamu, wengine wana ndoo za maji ya barafu. Wanamwagia, wanakwangua maji kwa kitu kama upanga butu, wanamwagia tena. Nikadhani kukwangua ni urembo. Kijana akasema hapana, maji yanapata joto juu ya mwili. Yaondoe, weka mengine. Daktari wa wanyama ameshika kipimo chake anasikiliza moyo, na farasi haendi popote mpaka mapigo yashuke. Miguu ya mbele imepakwa mafuta mazito meupe, ili akigusa gogo ateleze asichubuke. Kiatu cha chuma kina matundu, ndani yake wanasokota vijino vya chuma vya kushika nyasi, virefu kukiwa na tope, vifupi ardhi ikikauka. Saisi mmoja wa kike alikuwa amepiga magoti anavifungua kimoja kimoja, anahesabu, huku farasi anamlamba shati mgongoni.

Jumapili asubuhi, kabla ya lolote, kuna ukaguzi. Hii sikuijua kabisa. Kila farasi aliyesalia anakimbizwa telki kwa mkono, bila tandiko, mbele ya majaji na daktari, kwenye njia ngumu iliyonyooka ili mguu usiofaa usijifiche. Wapandaji wamevaa suti na viatu vya bei, mtu atadhani ni harusi. Aliyekuwa wa kwanza Jumamosi na aliyekuwa wa mwisho wote wanapita hapo. Majaji wakitilia shaka, farasi anawekwa pembeni, anaangaliwa tena, anakimbizwa tena. Akikataliwa, kazi ya mwaka mzima imeishia hapo, na hakuna wa kumlilia. Umati wote kimya, unasikiliza kwato: ta-ta, ta-ta. Nilijikuta natega sikio kutafuta mguu mbovu kama unavyofanya wewe, ukikaa barazani na kusema "huyo wa mawe yule ana kidonda mguu wa kulia" kabla punda hajakata kona. Lamu mna hospitali ya punda tangu 1987, na ungali unawakagua kwa masikio. Wale majaji ungekaa nao meza moja.

La mwisho ni lile ulilosema kwamba ni mchezo wa Wazungu wenye pesa. Ni kweli, sibishi. Tulitazama huku na huku tukawa tunajihesabu. Farasi mmoja wa daraja hilo anauzwa bei ya nyumba. Lakini humo humo ndani ya hifadhi, karibu na sanamu ya Man o' War, farasi aliyeshindana mara 21 akashindwa mara moja tu, kuna kaburi la Isaac Murphy. Mpanda farasi wa mbio, mtu mweusi, mzaliwa wa Kentucky wa 1861, alishinda Kentucky Derby, mbio za farasi mashuhuri kuliko zote Marekani, mara tatu: 1884, 1890 na 1891. Mbio za kwanza za Derby, mwaka 1875, aliyeshinda ni Oliver Lewis, mweusi, na kati ya wapandaji 15 wa siku ile, 13 walikuwa weusi. Kisha ubaguzi ukawasukuma nje. Mweusi wa mwisho kushinda Derby alikuwa Jimmy Winkfield, 1902. Murphy alizikwa makaburi ya weusi mjini, akasahaulika, mpaka akahamishiwa hapo miaka ya sabini. Kijana wetu hupita kumsalimu kila akija. Kwa hiyo ukisema ni wa Wazungu, sema pia ulikuwa wa nani kabla.

Kaka yako amekubali, kwa kusukumwa kidogo, kwamba mwaka ujao anakuja. Bibi wa Tanga, aliyefumba macho Jumamosi nzima, amekwisha kuulizia bei ya somo la kupanda farasi karibu na kwake. Mumewe hajui. Ukimsikia akiuliza, wewe huna habari.

Wasalimie wote barazani.