Watoto wetu wasifanywe wakalimani wetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wasomaji ambao kwa muda mrefu wamekuwa wakiandika kwamba watoto wanaolelewa Marekani na Ulaya hukosa heshima kwa wazazi wao, na ambao lawama zote huzitupia simu na televisheni. Mimi ni mama wa watoto wanne. Niliingia kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, nikiwa msichana mdogo mwaka 1996, kambi hiyo ilipofunguliwa kwa ajili yetu tuliokimbia vita vya Kongo. Nilisomea humo, nikaolewa humo, na mwaka 2016 tukahamishiwa Louisville katika jimbo la Kentucky. Niliyoyaona nyumbani kwangu tangu hapo yamenifanya niamini kwamba heshima huanza kuyumba siku ile mzazi anapomfanya mtoto wake kuwa mkalimani.

Jambo lenyewe huanza kama msaada mdogo. Mtoto hukaa shuleni siku nzima na wenzake, na mwaka haujaisha anakizungumza Kiingereza, ilhali baba yake anaingia ghalani kupanga mizigo saa tisa alasiri na kutoka saa saba usiku, akiwa amejifunza maneno machache tu ya kazi hiyo. Shirika linalowapokea wageni husaidia katika miezi mitatu ya mwanzo, kisha familia hujitegemea. Basi barua za kodi ya nyumba, za umeme na za mkopo wa nauli ya ndege tuliyokopeshwa kuja huku husomwa na mtoto wa miaka tisa, ambaye sasa anajua ni kiasi gani cha fedha kimepungua nyumbani na mwenye nyumba amesema nini kwa hasira. Baba akisema hapana kwenye simu, ni mtoto anayeifikisha hapana hiyo, na hachelewi kutambua kwamba anaweza kuibadili njiani. Mwanangu wa kiume alipoitiwa mzazi shuleni kwa sababu ya ugomvi, aliketi kati yangu na mwalimu akatafsiri yeye mwenyewe mashtaka yake, nami nikarudi nyumbani nikimshukuru Mungu kwamba anafanya vizuri. Simlaumu sana mtoto. Sisi watu wazima ndio tuliomkalisha kwenye kiti kile.

Hospitalini hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa hata mtoto mwema, asiyetaka kumdanganya mtu, hawezi kazi hiyo. Mama mkwe wangu aliandikiwa dawa za presha azinywe saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Mjukuu wake, aliyejifunza kusoma saa kwa Kiingereza, alisikia nane akasema saa nane, kwani hakuna aliyewahi kumweleza kwamba sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Kwa wiki kadhaa bibi alikuwa akinywa dawa saa nane mchana, kisha akijilazimisha kuamka saa nane usiku wa manane anywe nyingine. Watoto wetu wengi hawajui figo ni nini wala kongosho ni nini kwa Kiswahili, maana Kiswahili chao ni cha jikoni na cha kutumwa dukani.

Ninaandika haya hasa kwa sababu ya siku moja ya mwaka 2019. Nilikuwa na mimba ya miezi minne, nikahisi mwili haupo sawa, na kwa kuwa mume wangu alikuwa kazini nilikwenda kliniki na binti yangu wa kwanza, aliyekuwa na umri wa miaka 11. Daktari alipitisha kipimo tumboni, akakaa kimya, kisha akamgeukia mtoto akamwambia anieleze kwamba moyo haupigi. Binti yangu alinyamaza kwa muda, akaniambia, “Mama, mtoto amelala.” Nikajibu kwamba tumwache alale. Nililielewa neno lile baadaye, nilipoletewa karatasi ya kutia saini na mtoto akaanza kulia. Kwetu habari ya namna hiyo huletwa na mama mtu mzima, shangazi au bibi, anayekaa nawe mkekani na kukushika mkono kabla hajafungua kinywa. Binti wa miaka 11 hata hapaswi kuwamo katika nyumba inamosemwa. Kwa miezi mingi baada ya hapo alikuwa akiamka usiku kuja kusikiliza kama mdogo wake anapumua.

Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba haya yangeweza kuepukwa. Sheria ya huduma za afya ya Marekani ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 1557, inazitaka hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zimpatie mgonjwa asiyejua Kiingereza mkalimani mwenye ujuzi, bila malipo, na kanuni zake zinakataza kumtegemea mtoto isipokuwa kwa muda tu, katika dharura inayotishia usalama wa mtu, wakati mkalimani anatafutwa. Shule nazo zinabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Najua kwamba tarehe 1 Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, akaifuta amri ya mwaka 2000 ya Rais Bill Clinton iliyohusu huduma kwa wasiojua lugha hiyo, na kwamba tangu hapo baadhi ya ndugu zangu wanaona aibu au wanaogopa kuomba mkalimani. Amri hiyo haikuzifuta sheria mbili nilizozitaja, kwa kuwa hizo zilitungwa na Bunge. Ombeni. Mahali pengi mapokezi huwa na kadi yenye majina ya lugha nyingi, nawe unanyooshea kidole Kiswahili tu.

Sisemi kwamba mkalimani wa simu hakosei. Wa kwanza niliyepewa alikuwa mtu wa pwani, nami kwa Kiswahili chetu cha Kivu nilisema kwamba munganga, yaani daktari, amekwisha kunipa dawa. Yeye akamwambia daktari kwamba nimetoka kwa mganga wa kienyeji, na ilichukua muda kulinyoosha jambo hilo. Lakini mkalimani mtu mzima unaweza kumsimamisha, ukamwambia hukumwelewa, ukadai arudie, na akikata simu hatalala chumba kimoja na wadogo zake akiwa amebeba ugonjwa wako. Ningeomba pia vijana wetu waliomaliza masomo huku, wanaojua Kiswahili cha Uvira na Fizi pamoja na cha Tanzania, waisomee kazi hii, kwani wazee wetu wanawahitaji.

Na ninyi mlioko Kigoma, Uvira na Bukavu, mnaposikia katika simu kwamba mjukuu fulani wa Marekani “ndiye anayeendesha nyumba,” msimsifu. Muulizeni baba yake ni nani aliyemkabidhi.

Binti yangu sasa anakaribia kumaliza shule ya sekondari. Mwezi uliopita alinipeleka kwa daktari kwa gari, akabaki nje barazani na kitabu chake huku mimi nikizungumza ndani kupitia mkalimani kwenye simu. Nilipotoka aliniuliza daktari amesema nini. Nikamwambia ni mambo ya wakubwa, naye akasema, “Ndiyo, mama,” akachukua mkoba wangu tukaenda.

Mama wa watoto wanne,
Louisville, Kentucky, Marekani