Si kila jiwe jeusi zito ni platinamu

Mhariri,

Mwezi uliopita kijana wa jirani yangu hapa Ngara aliniletea jiwe la ukubwa wa ngumi, amelifunga kwa kipande cha kanga, akataka nimthibitishie kwamba ni platinamu. Lilikuwa zito kweli, lina ganda la kutu, na nilipolipasua kwa nyundo liling'aa ndani kwa rangi ya shaba iliyochujuka. Sumaku niliyoisogeza ililinata papo hapo. Ilikuwa pirotiti, yaani salfidi ya chuma, mchanganyiko wa chuma na salfa. Kwa kuwa magazeti nayo huandika habari za "mlima wa platinamu" kila yanapoonekana mawe ya namna hiyo, naomba nafasi nieleze platinamu hupatikana vipi.

Miamba inayohusika, iitwayo ya ultramafiki, ina magnesiamu na chuma kwa wingi na silika kidogo, nayo ilitokana na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyopanda kutoka chini ya ganda la dunia. Magma hiyo huja na platinamu, ila imetawanyika mno kiasi kwamba haina faida mpaka ipate wa kuikusanya. Mkusanyaji mkuu ni salfa. Magma ikizidiwa na salfa hutoa matone ya salfidi, yanayojitenga nayo kama samli inavyojitenga na mchuzi, isipokuwa haya huzama badala ya kuelea, na platinamu huyakimbilia mara maelfu kuliko inavyokubali kubaki katika magma.

Sasa, tone dogo lililokutana na magma nyingi hushiba platinamu, lakini matone mengi katika magma kidogo hugawana kile kilichopo na kila moja huambulia chembe. Kabanga, wilayani kwetu, magma ilipenya katika mashapo yenye salfa, ikainyonya na kutoa salfidi tele; ndiyo maana tuna nikeli nyingi huku platinamu yake ikiwa haba. Bushveld ya Afrika Kusini ni kinyume chake. Huko, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, magma ilipoa tabaka kwa tabaka, na platinamu ikalala katika matabaka membamba kama Merensky na UG2, ambayo mara nyingi unene wake ni kama mita 1 au pungufu, lakini huweza kufuatwa kwa makumi ya kilomita. Tani nzima ya mbale hiyo hutoa gramu 5 hivi, tena ukijumlisha paladiamu na rodiamu, metali ndugu za platinamu. Ukishika kipande cha Merensky utaona fuwele za piroksini za rangi ya kahawia, uzi mweusi wa kromiti (madini ya kromiamu) na vidoa vichache vya salfidi. Platinamu yenyewe kwa kawaida huioni hata kwa lenzi ya mkononi.

Najua nitajibiwa kwamba mwaka 1924 mkulima Andries Lombaard aliosha mchanga wa kijito kikavu katika shamba la Maandagshoek akaona punje nyeupe za platinamu. Ni kweli, lakini punje zile zilikwisha kung'olewa na mvua na jua kutoka mwambani, na ilimbidi mjiolojia Hans Merensky, aliyepelekewa sampuli, afuatilie mpaka kwenye tabaka lenyewe.

Waandishi wako basi, kabla ya kutangaza ugunduzi, waulize ni gramu ngapi kwa tani, katika unene wa mita ngapi, na kama sampuli ni jiwe lililookotwa au mwamba uliochorongwa. Kapalagulu, kando ya Ziwa Tanganyika, platinamu na paladiamu zilizomo katika miamba yenye kromiti zilithibitishwa kwa uchorongaji na maabara, si kwa uzito wa jiwe kiganjani.

Kijana nilimrudishia jiwe lake. Dalali aliyemwambia ni platinamu anadai shilingi laki mbili "za kipimo", na nashukuru kwamba bado hajazitoa.

Mjiolojia mstaafu,
Ngara, Kagera